Fimbo ya Bibi

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 13, nimetoka jandoni mwezi mmoja tu. Watu wa mjini wakisikia jando wanafikiria kisu peke yake, na hilo linanisikitisha. Kule kumbini, porini nje ya kijiji chetu huku Newala, tulifundwa usiku na mchana: mtu mzima mwenye mzigo mpokee, chumba cha wazazi usiingie bila hodi, cha mtu usiguse. Nyimbo zote nilizishika. Nikapewa jina jipya, nikapakwa mafuta, nikavalishwa shati jipya, nikajiona mtu mzima kamili.

Septemba ile likaja banda la video kijijini, na kiingilio sina. Jirani yetu, bibi mjane, alikuwa na kisima cha saruji cha kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Asiyeijua Newala haelewi uzito wa kisima. Huku juu uwandani ardhi ni mchanga. Mvua ikinyesha maji yanazama, mto hakuna, chemchemi ziko chini kabisa bondeni. Maji yale ndiyo yangemvusha bibi hadi mvua za Desemba. Nami usiku mmoja nikachota ndoo sita, nikamuuzia fundi aliyekuwa anakandika nyumba.

Kesho yake jioni bibi akaja kwa mjomba ameshika fimbo ndefu. Kumbe kila magharibi huitumbukiza kisimani, akaweka alama ya mkaa pale maji yalipoishia. Alama ya jana na ya leo zilikuwa zimeachana kiganja kizima. Hakutaja mwizi.

"Baba, fimbo yangu siku hizi inanidanganya," akasema, kisha akanitazama mimi.

Kwetu mjomba ndiye mwenye mpwa. Yeye ndiye aliyenipeleka jandoni. Nilingoja bakora, haikuja.

Alfajiri akaniamsha kwa jina langu jipya. Akanipa ndoo ya lita 20, naye akachukua yake. Tukateremka hadi bondeni, upande ule ambao kukipambazuka unaiona Ruvuma, na ng'ambo Msumbiji. Chemchemini wanawake walinyamaza walipomwona mjomba, mzee wa kuheshimiwa, akisokota kata ya majani na kujitwika ndoo kichwani. Wanaume kwetu maji huyafuata kwa baiskeli, na njia ile baiskeli haipiti. Wakati wa kupanda goti lake bovu likawa linagoma. Anasimama, anahema, maji yanamchirizika shingoni.

"Mjomba, tua. Nitarudi kuifuata yako. Aliyeiba ni mimi."

"Na aliyekufunda ni nani?"

Hatukusema tena mpaka uwanjani kwa bibi.

Tulikwenda asubuhi tatu. Ya pili miguu ilinivimba; ya tatu mjomba alipumzika mara nyingi mpaka jua likatupata njiani. Tulipomimina ndoo za mwisho, bibi akaitumbukiza fimbo, akaivuta polepole, akaipitisha kidole pale ilipolowa.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Tangu siku ya kwanza nilikuwa sijathubutu kumsalimia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akanipa kipande cha mkaa, akanishikia fimbo niweke alama mwenyewe. Mkono ulinitetemeka, mstari ukatoka umepinda. Bibi hakuufuta.