Kumbukumbu ya mradi: picha za matangazo za Star Trek, folda ya 1966 imekamilika

Folda ya 1966 nimeifunga, na baada ya kukaa nayo muda wote huu nasema wazi: kulikuwa na Star Trek mbili, yaani tamthilia ya Marekani ya safari za anga za mbali. Moja ni ile iliyorushwa na NBC, mtandao wa televisheni wa Marekani, kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi Juni 1969, vipindi 79. Nyingine ilikuwa kwenye picha za matangazo tu, haikuwahi kurushwa popote, na ndiyo iliyoniteka mimi.

Kwa wageni: nakusanya picha ambazo NBC ilizisambaza magazetini kuitangaza tamthilia hiyo, nazipitisha kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, nazisafisha kwa GIMP (programu ya kuhariri picha), kisha nazipanga kwa kufuata wakati zilipopigwa. Nyingi ni nyeusi na nyeupe, inchi 8 kwa 10, ingawa tamthilia yenyewe ilikuwa ya rangi, kwa kuwa kurasa nyingi za magazeti ya siku hizo hazikuchapwa kwa rangi. Nyuma kuna karatasi ya maelezo iliyopigwa taipu, na mara nyingi muhuri wa tarehe wa gazeti. Muhuri huo usikudanganye. Unakuonyesha siku picha ilipotumika, na mhariri aliweza kabisa kuchomoa kabatini picha ya zamani kwa sababu tu ilikuwa karibu.

Kwa hiyo tarehe naitafuta kwenye nguo. Kola nene isiyo nyeusi ni ya filamu za majaribio, kabla tamthilia haijaanza. Wanawake wakiwa wamevaa suruali, vilevile. Zile sketi fupi zilikuja baadaye. Daktari wa chombo akiigizwa na Paul Fix badala ya DeForest Kelley, hiyo ni filamu ya pili ya majaribio, iliyopigwa 1965. Chekov (mhusika wa Walter Koenig) akiwemo, toa 1966 kichwani, maana Koenig alijiunga msimu wa pili. Na kabla ya yote hayo naangalia nembo ya kifuani: hukaa kushoto kwa aliyeivaa. Ikiwa kulia, mtu aliigeuza negativu. Picha za namna hiyo zimejaa kote, na zimenakiliwa hivyohivyo miaka nenda miaka rudi.

Sasa hiyo Star Trek ya pili. Humo nyota ni watatu: Kirk, nahodha wa chombo cha anga, Spock, msaidizi wake mwenye masikio yenye ncha, na Janice Rand, karani wa nahodha, bega kwa bega. Ukizitazama picha hizo peke yake utaapa kwamba Grace Lee Whitney, aliyemwigiza Rand, ni nguzo ya chombo kizima. Kumbe alionekana katika vipindi 8 tu, mkataba wake ukakatishwa katikati ya msimu wa kwanza. Picha zilikuwa zimeshatoka, nazo haziitwi kurudi. Nimempa folda ndogo yake mwenyewe, nadhani anastahili.

Halafu masikio. Watu wa mauzo wa NBC waliogopa kwamba Spock angefanana na shetani na kuwaudhi watazamaji wacha Mungu, hasa majimbo ya Kusini mwa Marekani. Katika kijitabu cha kuitangaza tamthilia, wakampitishia rangi Leonard Nimoy, aliyemwigiza Spock: masikio yakawa ya mviringo, nyusi zikalainishwa. Tamthilia ilipoanza, barua za mashabiki zikamiminika, na nyingi zilikuwa za huyo huyo Spock. Ninayo nakala ya picha ya gazeti ambayo fundi wake amezungushia kichwa cha Spock rangi ya kijivu kwa brashi ili ncha za masikio zionekane vizuri kwenye karatasi mbovu ya gazeti. Wengine huwa wanafuta brashi hiyo. Mimi nimeiacha, na sitaki kushauriwa.

Labda nieleze kwa nini nazing'ang'ania picha kuliko vipindi. Nimekulia Tanzania Bara, ambako televisheni ilifika miaka ya 1990. Mimi Star Trek nilianza kuijua kwenye magazeti ya kigeni yaliyozeeka aliyokuwa nayo mjomba: watu watatu wamesimama mbele ya ukuta, wanatazama kitu usichokionyeshwa. Hadithi nilijitungia mwenyewe. Nilipokuja kuona vipindi vyenyewe kwenye kanda za video nilivipenda, lakini Rand wangu hakuwemo, na nilimkosa.

Upande wa rangi kazi ni ngumu zaidi. Slaidi nyingi za zamani zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi nyingine zimefifia kabla yake, na programu ukiiachia irekebishe yenyewe inakupa ngozi za samawati. Tatizo kubwa lakini ni mashati. Shati la Kirk tunaliita la dhahabu kwa vile ndivyo lilivyotoka kwenye filamu chini ya taa za studio. Kitambaa chenyewe, cha mahameli nyepesi, kilikuwa cha kijani. Baadhi ya picha zinauonyesha ukijani huo, na wasafishaji wengi wanakimbilia kuupaka dhahabu. Mimi naurekebisha uso na ukuta wa nyuma. Shati likitoka kijani, libaki kijani.

Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, naye ananitesa kwa namna yake. Katika vipindi viwili vya mwanzo kurekodiwa, Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alivaa njano, kisha akahamia nyekundu. Kwenye picha nyeusi na nyeupe rangi zote mbili ni kijivu kilekile, hivyo nategemea nywele na hereni. (Kwa wasemaji wenzangu wa Kiswahili: kipindi cha kwanza kabisa kurushwa kina kiumbe anayejigeuza mwanamume na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Kitafuteni.)

Inayofuata ni 1967. Hapo mambo yatakuwa mepesi kidogo, kwa sababu Koenig alianza kwa wigi akisubiri nywele zake zirefuke. Wigi likiwepo, ni mwanzo wa msimu wa pili. Mwenye picha ya Chekov ambayo nywele zinaleta ubishi anitumie, pamoja na upande wa nyuma.