Juni ile tulipohama

Mwaka 2018, katika kumi la mwisho la Ramadhani, niliifunga blogu niliyokuwa nimeiandika kwa zaidi ya miaka kumi. Nataka kuisimulia wiki ile, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha wasomaji wangu walikuwa wakifuata nini.

Nilianza 2007, Tanga mjini, enzi za intaneti kafe: unalipia kwa saa, picha moja inafunguka nusu, umeme unakatika. Nilikuwa nimesoma maandishi ya mwanablogu Ndesanjo Macha, nikamwona na Michuzi, aliyeanzisha blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, anavyowaita wasomaji wake wadau. Nikaona na Tanga yetu ina ya kusema. Mkongo wa baharini wa Seacom ulipofika Dar es Salaam 2009, na miaka iliyofuata simu za kupangusa zikashuka bei, ndipo wazee wenyewe wakaanza kuingia, wengine wakishikiwa simu na wajukuu.

Niliandika kuhusu reli iliyofika Muheza 1896 na Moshi 1911. Niliandika Coastal Union walivyochukua ubingwa wa ligi 1988. Watu walisoma, wakashukuru, wakaondoka. Lakini thubutu kutaja vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star kwa pamoja! Hapo maoni yalikuwa yanamiminika mpaka alfajiri: kikundi gani kilikuwa na mpiga gitaa bora, nani alimchukua mwimbaji wa nani, harusi ile ya Ngamiani waliitwa wepi wakaja wepi. Taarabu ya Tanga haizungumzwi kwa upole, na mimi sikutaka izungumzwe kwa upole.

Wabishi wakuu walikuwa wawili. Mmoja mzee wa Chumbageni, mstaafu wa reli, Lucky Star wa kufa na kupona. Wa pili mama aliyeolewa Maskati miaka mingi, akiandika kwa jina la ua. Huyu alikuwa anakumbuka mambo ya ndani: rangi ya sare, nani alikaa kiti cha mbele, nani alitoka ukumbini amenuna. Walikuwa hawajaonana, na kwa miaka hakuna aliyemwachia mwenzake neno la mwisho.

Machi 2018 zikatoka kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni. Blogu ilitakiwa leseni, na ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, ulikuwa unafika shilingi 2,100,000. Blogu yangu haikuwa na tangazo hata moja. Tarehe 11 Juni JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, wakasitisha huduma, nami usiku ule nikanakili kila nilichokiandika kwenye flashi, nikabandika tangazo la mwisho: wadau, tunahamia WhatsApp, namba yangu hii hapa.

Walikuja wachache. Na waliokuja wakakaa kimya, au wakatuma picha za mwezi mwandamo na dua za kurushiana. Sina ubaya na dua, tena katika mwezi ule, lakini sikuhamisha watu kwa ajili hiyo. Nilikuwa nimewaita kwa jina la Tanga, na Tanga yenyewe haikuwemo mle.

Nikampigia mzee wa reli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nimeliona tangazo lako. Yule mama wa Maskati yumo?"

"Bado, babu."

"Basi niite akija."

Akakata. Nikabaki na simu mkononi, na jambo likanikaa sawa kichwani: msomaji hahami kwa sababu umemwonyesha njia. Anahama akisikia yule anayebishana naye ameshatangulia. Nilikuwa nimehangaika na tangazo, kumbe kazi ilikuwa ni kumleta mtu mmoja.

Nikangoja tarawehe za kwao ziishe, nikampigia. Tulikuwa hatujawahi kuongea, maandishi tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umetufungia mlango?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kule mimi nilikuwa ua. Huko unakoniita nitakuwa namba ya simu, na wanaume wote wa Tanga wataiona. Mume wangu katangulia mbele ya haki, lakini wanangu wapo. Hapana, mwanangu."

Sikumbembeleza. Alikuwa na haki kabisa. Kwenye grupu la WhatsApp kila mwanachama aliiona namba ya mwenzake, na mtu aliyeandika kwa uhuru miaka yote nyuma ya jina la bandia hawezi kuambiwa tu ajitokeze. Blogu ilikuwa imewapa watu wengi kificho hicho, hasa wanawake, na kwenye hekaheka zote za leseni na ada sikumsikia mtu akilitaja hilo.

Nikamwuliza kama atakubali kunitumia maneno yake kwa sauti, niyapeleke mimi, namba yake isionekane popote.

"Lakini sauti si watakutambua, mama?"

Akacheka. "Sauti waisikie. Walishaisikia ukumbini weye hujazaliwa."

Miaka yote hakuwahi kuliandika hilo.

Kabla ya daku sauti ikaingia. Alimsalimia mzee wa reli kwa cheo chake cha kazini, akamwambia kwamba habari zake za ile harusi ya Ngamiani amezisikia kwa watu, kwa kuwa yeye, mama, alikuwa jukwaani na hakumwona. Nikairusha kwenye grupu, na dakika hiyohiyo nikamwandikia mjukuu wa mzee: mama amekuja.

Mzee akaingia kabla ya adhana. Hakutaka kuandikiwa. Akashika simu mwenyewe, akarekodi jibu refu, la kwanza maishani mwake, na nyuma yake unasikia vikombe vya daku. Asubuhi wakaanza kumiminika: Pangani, Muheza, Mombasa, Unguja. Kila aliyeingia alikuwa ameambiwa na mwingine kwamba wale wawili wameanza tena. Na kwa kuwa aliyeingia leo hakuona ya jana, nikawa nazirudia zile sauti mbili kila walipopatikana wageni, na zote nikaziandika kwenye daftari, neno kwa neno, zisije zikapotea na simu.

Sikukuu ya Idi ilipopita tu, grupu likagonga watu 256, na WhatsApp wakati huo haikuruhusu zaidi. Nikafungua la pili. Hakuna aliyekubali kwenda huko mpaka nilipoahidi kwamba sauti za mama nitazipeleka kote kuwili. Mzee wa reli naye akataka awekwe kote kuwili, maana hakuwa tayari mama yule asikike mahali ambapo yeye hayupo kumjibu.