Nilivyojifunza kuruka kwa wakati kwenye mbio za kuogelea za kupokezana

Katika mbio za mtu mmoja, tangu mlio usikike hadi miguu yangu iachie jukwaa hupita kama sekunde 0.65. Kwenye kupokezana, mwogeleaji wa pili hadi wa nne hawasubiri mlio. Wanamwona mwenzao akija, na pengo kati ya mwenzao kugusa ukuta na miguu yao kuachia jukwaa hushuka hadi 0.20 au chini ya hapo. Mabadilishano ni matatu, kwa hiyo timu inaokoa zaidi ya sekunde nzima. Beijing mwaka 2008, Marekani iliishinda Ufaransa kwa 0.08 tu katika 4x100 mtindo huru.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutazama kichwa cha anayekuja. Kichwa kinadanganya, mkono ndio unaogusa ukuta. Sasa nanyoosha mikono nikimwelekezea, namfuata hivyo mpaka avuke alama ya T sakafuni mwa bwawa, mita 2 kutoka ukutani, ndipo naizungusha mikono. Akinyoosha mkono wa mwisho, mwili wangu tayari unaangukia mbele, ila vidole vya miguu bado viko jukwaani. Mwili kusogea ni ruhusa. Miguu kuachia kabla ya mguso ni kuondolewa kwa timu nzima, ingawa mitambo ya mashindano makubwa husamehe hadi 0.03. Kwenye mchujo nalenga 0.20, fainali 0.10.

Mengi huharibiwa na anayeingia. Kuanzia kwenye bendera zinazoning'inia juu ya bwawa, mita 5 za mwisho, asivute pumzi, asiteleze tu bila kupiga mkono, na mkono wa mwisho aunyooshe wote. Akikosea hesabu akaongeza nusu mkono, mimi niko hewani naye hajagusa. Ubao utaandika jina langu, kosa ni lake. Akiteleza badala ya kupiga, nami nimeshazungusha mikono, itabidi nijizuie na nguvu yote ya kuruka imekwisha.

Ndiyo maana mazoezi ya mabadilishano tunayaweka mwishoni, mara 8 hadi 10, anayeingia akitokea mita 15 kwa kasi ya mbio. Mwenzako akiwa hajachoka anakufundisha mdundo ambao siku ya mbio hutauona.

Kuruka kwa kupiga hatua jukwaani nimekujaribu. Kunaongeza msukumo, lakini mguu usipotua sawasawa ukingoni unateleza. Nimerudi kwenye kuzungusha mikono tu.