Siku moja maishani mwangu: fundi wa intaneti, Dar es Salaam

Saa 11:20 alfajiri

Adhana haijaisha, simu inatetemeka chini ya mto. Ujumbe wa sauti, mama mmoja wa Tabata: "Mwanangu, lile dude lako limerudia yale yale. Jana limekata mara nne kabla taarifa ya habari haijaisha."

Lile dude lako. Rauta ikifanya kazi ni ya mwenye nyumba, ikizingua ni ya fundi.

Ila huyu ana haki ya kulalamika. Wiki iliyopita nilikwenda kwake mchana, nikakuta waifai za majirani zimerundikana chaneli 6, yaani njia moja ya hewani, ya kwake imo humo humo. Nikaihamishia 11, nikajaribu dakika kumi, imetulia. Nikapokea elfu ishirini yangu, nikaondoka kifua mbele. Leo narudi bure, na nauli juu yangu.

Saa 2:40 asubuhi

Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama mpaka Shekilango, begi la vifaa kifuani. Bodaboda hadi Sinza.

Hapa kazi ilikuwa ya dakika ishirini. Taa nyekundu ya LOS inapepesa, maana yake mwanga wa faiba haufiki. Jana wameleta kabati jipya, wakalisukumia ukutani, na waya wa faiba ukakunjwa nyuma yake kama utambi. Waya wa umeme ukikunja unavumilia. Faiba ndani yake ni uzi wa kioo, kona ikiwa kali mwanga unavujia pembeni. Pawa mita, kipimo changu cha nguvu ya mwanga, inasoma -31. Kifaa cha nyumbani ukikishusha chini ya -27 hivi hakisikii kitu. Tukasogeza kabati, mimi na kijana wa kazi, nikaunyoosha waya kwa mzunguko mpana: -19. Taa nyekundu ikazimika. Baba mwenye nyumba akaniuliza ndiyo hivyo tu? Ndiyo hivyo tu, mzee wangu, na asante kwa kutogusa kitu kabla sijafika.

Saa 4:30 asubuhi

Saluni moja Kijitonyama. Wateja wanasuka, wengine wanapata intaneti, wengine hawapati, na wanabadilishana zamu bila sababu. Dada mwenye saluni alinunua rauta ya pili ili waifai ifike chumba cha nyuma, akaichomeka mwenyewe. Sasa rauta zote mbili zinagawa anwani za mtandao kwa simu, kila moja inajiona ndiyo mkuu wa nyumba. Simu ikipewa anwani na ile ya nyuma, inaelekezwa mlango usiotoka nje. Nikaizima kazi ya kugawa anwani kwenye ile ya pili, nikaibadilishia namba yake isigongane na ya kwanza, zote zilikuwa 192.168.1.1. Nikamwambia: dada, hii usiiguse.

Akasema sawa.

Saa 7:10 mchana

Tabata. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Leo chakula huli mpaka lipone."

Sasa hapa niseme jambo ambalo wiki iliyopita nililipuuza. Mteja akisema "intaneti imekata" anaona kitu kimoja tu, kale kaduara kanakozunguka. Lakini nyuma ya kale kaduara kuna mambo yasiyofanana hata kidogo. Huenda simu ndiyo imeipoteza waifai. Huenda waifai ipo imejaa, ila huko nje ndiko kulikokatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zinazotuletea intaneti zilipokatika, nilipigiwa simu siku nzima na watu waliokuwa wanazima na kuwasha rauta zisizo na kosa lolote. Au rauta yenyewe imezima na kuwaka upya, na hili mtu aliye chumba kingine haoni. Mimi wiki iliyopita sikuuliza ni lipi. Niliona chaneli imejaa, nikafurahi kupata mshitakiwa.

Leo nimeanza na ukurasa wa hali ya rauta. Chini kabisa kuna mstari unaosema imekaa muda gani tangu iwashwe. Dakika 23.

"Mama, umeme umekatika leo?"

"Haujakatika. Friji linaunguruma tangu asubuhi."

"Kuna mtu kaizima hii?"

"Nani atapanda huko juu ya televisheni?"

Dakika 23, umeme upo, hakuna aliyeigusa. Basi inajizima yenyewe. Chaneli, faiba, kampuni, wote nimewatoa kwenye kesi kwa mstari mmoja.

Nikafuata waya wa adapta mpaka nyuma ya televisheni. Kiadapta chepesi, maandishi yamefutika, vumbi limeganda. Nikaichomoa, nikaipima kwa multimita: volti 12.2. Safi kabisa. Hapo nilibaki nimekodoa macho, nusura nianze kuilaumu rauta.

Ila adapta isiyobeba mzigo ni kama mgombea kabla ya uchaguzi. Nina kiwaya nilichojitengenezea, upande mmoja kinachomekwa adapta, upande wa pili kinaingia rauta, katikati nimekichuna ili multimita ishike. Nikakifunga, nikamwambia mjukuu wa mama awashe video kwenye televisheni, laptopu yake ipakie mafaili, na simu zote tatu ziingie. Multimita nimeishika mkononi. 11.5. Simu ya kwanza, 10.9. Laptopu ikaanza kupakia, 10.1. Simu ya tatu ikaingia, 9.2, halafu taa zote pu! Zikaanza kurudi moja moja, kama mtaa umeme unaporudi.

"Ndivyo inavyofanya!" mama akasema, kama mimi ndiye niliyekuwa nabisha.

Chini ya rauta pameandikwa: volti 12, ampia 1.5. Nikauliza hii adapta ilikuja nayo? Mama akasema ndiyo. Mjukuu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Bibi, ile yenyewe iliungua. Siku ile umeme uliporudi kwa kishindo. Nikachomeka ya kile kisimbuzi cha zamani. Tundu liliingia."

"We mtoto!"

Tundu kuingia si hoja, nikamwambia taratibu, maana na mimi nina la kuficha. Volti zinalingana, ampia ndizo hazitoshi. Ni kama bomba la hapa uani: ukifungua moja maji yanatoka kwa nguvu, wakifungua wapangaji wote linadondosha machozi. Mchana yupo mama na simu yake moja, rauta inajikongoja. Jioni nyumba ikijaa, inaanguka. Na mimi wiki iliyopita nilijaribu mchana, kwa simu yangu moja.

Saa 10 jioni

Kariakoo. Adapta ni nyingi kuliko watu, na zote muuzaji anakwambia orijino. Napima kwa kiganja kwanza: iliyoandikwa ampia 2 na ni nyepesi kama ganda la korosho, nairudisha. Iliyobaki namwomba anichomekee, nainingʼiniza na kiwaya changu kwenye rauta mbovu ninayotembea nayo begini.

"Kaka, unanunua adapta au unaoa?"

Nimechukua ya volti 12, ampia 2, elfu kumi na tano. Ampia zikizidi hakuna neno, rauta inachukua inazohitaji. Volti zikizidi ndiyo unaichoma.

Saa 1:40 usiku

Foleni ya Tabata siielezi. Nimerudi makusudi saa ya tatizo, watu wote wapo nyumbani. Adapta mpya, kiwaya, multimita: televisheni, laptopu, simu tano sasa, volti 11.8 na haitikisiki. Mama anaangalia taarifa ya habari kwa jicho moja, rauta kwa jicho la pili. Nimepokea hela ya adapta tu. Akanishindilia nauli kwenye mfuko wa shati, na sahani ya wali na samaki nikala mpaka nikaona aibu.

Saa 4:30 usiku

Nimemwachia mjukuu kazi moja, anitumie ule mstari wa muda tangu rauta iwashwe kabla hajalala. Ujumbe umeingia nikiwa navua viatu: "Fundi, saa 2 dakika 48."

Nimeanza kumjibu, na juu yake ukashuka mwingine, wa dada wa saluni: "Kaka samahani, nilitaka kubadili nywila ya ile ya chumba cha nyuma, ikanigomea, nikabonyeza kale katundu kwa pini ya nywele. Sasa imerudi kama mpya, ila wateja wawili wamesema haina intaneti."

Nimemjibu aichomoe umeme, asubuhi nitapita.