Nilivyosugua mindimu yangu bure

Nina mindimu mitatu nyuma ya jiko, hapa Keshero, mtaa wa mji wa Goma, kando ya ukuta wa mawe ya lava. Mwaka juzi miwili kati yake ilianza kuota magamba ya kijivu kwenye matawi. Majani yakapukutika, ndimu zikawa kama gololi. Sikujiuliza mara mbili: haya magamba ndiyo yananyonya mti.

Jumamosi nikashika brosi ya waya. Nikasugua mpaka jua likazama, watoto wananicheka. Magamba yalitoka, ila na ganda nalo lilitoka. Nilipokaza mkono palibaki kidonda kibichi, na baada ya siku chache utomvu ukaanza kuchuruzika. Muuza dawa mmoja akaniuzia unga wa bluu wenye shaba nipulizie. Magamba yakanyauka kweli. Mti haukutoa hata jani moja.

Mzee jirani, aliyelima kahawa miaka mingi huko Kalehe, akanikuta nikichanganya dawa tena. Hakugusa mti. Akanionyesha ukuta.

"Mama, na jiwe nalo linanyonywa?"

Mawe yalikuwa yamejaa magamba yale yale.

Wataalamu huyaita likeni. Ni kuvu na mwani vinavyoishi kama mke na mume: mwani unapika chakula kwa mwanga wa jua, kuvu inatunza maji na kujishikiza. Ndiyo maana hutangulia kuota juu ya lava iliyopoa, pasipo udongo wowote. Kwenye mti inakaa juu ya ganda tu, hainyonyi kitu. Lakini inapenda mwanga na ganda lisilokua haraka. Mti ukidhoofika na majani yakipungua, likeni inapata nafasi. Kumbe nilikuwa nampiga mgeni aliyekuta mlango uko wazi.

Basi ugonjwa uko wapi? Nikachoma ardhi kwa mtaimbo. Chini ya ile miwili, shubiri moja tu, ngo! Jiwe. Chini ya ule wa tatu, uliokuwa karibu hauna magamba, chuma kilizama kwenye ufa mpaka karibu na mkono wangu.

Nikaita kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaniletea udongo na samadi ya ng'ombe, safari sita (bei yake tusiiseme). Nikapanga mawe kuizunguka miti na kujaza udongo ndani, ila shina nikaliacha wazi, maana mndimu ukifukiwa shingo unaoza. Matawi makavu nikayakata. Hayo niliyafanya mwezi wa nane, mvua ikanikuta niko tayari.

Kufika Noeli matawi machanga yalikuwa safi, yana majani ya kung'aa. Ya zamani bado yana kijivu chake, na sikukigusa. Ila tawi kubwa nililolisugua kuliko yote halikupona. Kidonda kiliendelea kutoa utomvu, tawi likakauka kutoka nchani, na mwezi wa tatu nililikata.