Wimbo wa tajiri wa Kibirizi

Tajiri alinipa laki tatu za kianzio na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani: "Simba wa Tanganyika", "Baba wa yatima", "Asiyeshindwa", kisha majina 11 ya marafiki zake, mmoja yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Alikuwa anaoza binti, na harusi ilipangwa wakati wa mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa na vipe, boti za kuvulia dagaa, hulala ufukweni.

Napiga gitaa la solo hapa Kigoma, nimeshawasifu wengi nisiowajua. Safari hii mstari wa kwanza uligoma. Nikamwomba nimfuate mwaloni Kibirizi asubuhi moja.

Nilimkuta peku, suruali ameikunja hadi magotini. Usiku ule walipata kidogo. Akaanza na mabeseni ya wavuvi, akitikisa kila moja dagaa washuke, anaongeza tena. Lake likabaki nusu. Punde akamfokea mama mmoja aliyekuwa anaanika mchangani, mpaka nikatazama ziwani. Hilo sikuliimba, na bado najiuliza kama kunyamaza nako si kusifu.

Beti zote mbili nikaziandika juu ya lile beseni la nusu. Majina nisingeyakwepa; majirani zetu Wakongo huyaita mabanga, mtu analipa atajwe, na bendi zinakula hapo. Nikayasukumia yote kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, kwa atalaku, mpiga kelele wa bendi, pale watu wanaposikiliza kwa miguu. Hata Bach, mtunzi wa Kijerumani, alipompelekea mkabaila Christian Ludwig wa Brandenburg konseto sita, nyimbo za ala tupu, mwaka 1721, unyenyekevu wa kupitiliza aliuweka kwenye barua ya mbele. Konseto zenyewe hazimpigii mtu magoti.

Nilimsikilizisha kwenye simu. Akairudia mara mbili.

"Mwalimu, baba wa yatima yuko wapi?"

"Tajiri, hao yatima sijawaona. Beseni nimeliona."

Hakujibu. Siku mbili hakupokea simu yangu, nikajua nimeshapoteza kazi.

Usiku wa harusi, ubeti wa beseni ulipoanza, wavuvi wake waliinuka meza ya nyuma wakaja kututunza elfu moja moja, noti zinanuka dagaa. Mmoja alinibandika yake kwenye paji la uso, ikashika kwa jasho. Tajiri alikuwa anatazama sahani yake.

Asubuhi akanimalizia hela. Nilipohesabu, hamsini elfu haikuwepo.

"Hiyo ni ya yatima," akasema.