Siku yangu moja na kamera Berlin: nyumba ambazo watu wanazipita tu

Napiga picha za sehemu zenye historia ya Wayahudi wa mji huu. Saa 12 asubuhi nipo mtaa wa Oranienburger Straße, watalii bado wamelala. Neue Synagoge, sinagogi yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, ilifunguliwa 1866, na Novemba 1938 Wanazi walipotaka kuichoma moto afisa wa polisi Otto Bellgardt aliwatimua, ikapona, ila mabomu ya 1943 yakaja kuiharibu vibaya. Leo umebaki upande wa mbele na kuba lake la dhahabu, ukumbi mkuu ulibomolewa 1958. Polisi wanailinda usiku na mchana, nawasalimia, napiga, nasepa.

Saa 2 Große Hamburger Straße, na hapa ndo siku ilipokwama. Shule ya Kiyahudi ya 1906 bado ipo na wanafunzi wanasoma, ila jengo la jirani lililokuwa la kutunzia wazee halipo tena, lile ambalo 1942 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, waliligeuza kituo cha kukusanyia Wayahudi kabla ya kuwapakia kwenye treni. Nataka shule na ule uwazi vikae picha moja. Lori la vinywaji limepaki katikati kabisa, dereva anashusha kreti mojamoja, nasubiri, mara jua linazama kwenye wingu, mara anatokea mzee mmoja ananihoji mimi ni dalali, kodi zinapanda tena? Namweleza, haamini, namwonyesha picha za nyuma kwenye kamera, ndo ananiuliza sasa mbona unapiga mtaa wa kawaida hivi, si uende Auschwitz, kwenye ile kambi ya mauaji? Mzee wangu, ndo kazi yenyewe hiyo! Watu walichukuliwa hapa hapa mjini, mchana kweupe, majirani wako dirishani, na mimi baiskeli na mapipa ya taka siviondoi kwenye picha maana mtaa ndo ulivyo. Lori linaondoka karibu saa 5, mgongo ushakufa.

Halafu treni ya S7 mpaka stesheni ya Grunewald, Gleis 17, yaani reli namba 17. Tarehe 18 Oktoba 1941 treni ya kwanza ya Wayahudi wa Berlin iliondoka stesheni hii, zaidi ya watu 1,000, kwenda Łódź, Poland. Pembeni mwa reli kuna vibao vya chuma 186, kila kimoja kina tarehe, idadi ya watu na walikopelekwa. Napiga nimepiga magoti, kibao baada ya kibao, muda sijui tena, njaa inauma lakini sitaki kuruka hata kimoja.

Usiku kuandika maelezo tu, anwani na mwaka kila picha, maana picha bila anwani hapa haina kazi. Kesho Wannsee, ile villa walikokaa wakubwa wa Wanazi Januari 20, 1942 kama dakika 90 kupanga mauaji ya Wayahudi wa Ulaya nzima. Wanasema mvua itanyesha, naenda hivyo hivyo, ile nyumba imepigwa sana kwenye jua na maua.